Vitwitwi Hawaangalii Jua: Dhana Potofu za Msimu wa Ndege Wahamaji Dar es Salaam

Agosti ikikatika, wateja ninaowaongoza kutazama ndege wanaanza kuandika, na karibu wote wanaleta ombi lilelile: "Tukutane Kunduchi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ndege hawajaondoka." Hawajaondoka kwenda wapi? Ndege aliyetoka Siberia kuja kukaa hapa mpaka Aprili hana safari nyingine asubuhi hiyo. Kinachomwondoa mbele ya macho yako ni maji ya bahari, na maji hayafuati saa ya kazini.

"Ndege ni wa alfajiri"

Ukienda msitu wa Pugu au Pande, sawa. Huko ndege huimba na kula kabla jua halijakolea, na ukifika saa tatu umechelewa. Lakini ndege wa ufukweni, yaani vitwitwi, chamchanga, sululu na jamaa zao, chakula chao ni minyoo, kaa wadogo na makombe wadogo waliomo kwenye tope na mchanga ambao bahari huufunua inapokupwa. Maji yakipwa saa tano asubuhi wanakula saa tano asubuhi. Yakipwa saa tano usiku wanakula saa tano usiku, gizani, wengine wakipapasa kwa mdomo tu. Yakijaa, wanasimama mguu mmoja wakisubiri. Ratiba yao ndiyo hiyo.

Sasa tazama alfajiri inakufanyia nini. Dar es Salaam bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa takriban dakika 50. Bamvua, yaani maji makubwa, inayokuja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo, hapa kwetu huwa na kawaida moja ambayo wavuvi wote wanaijua: maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Kwa hiyo aliyefika Kunduchi saa kumi na mbili asubuhi ya bamvua amekuta maji yameshatoka kwa saa mbili. Ndege wanayafuata. Kufikia saa mbili wako mbali, na saa nne ni vidoa kwenye tope ambavyo hata teleskopu nzuri haivitenganishi.

Kosa la pili linamaliza kabisa. Pwani yetu inaangalia mashariki. Jua linachomoza baharini, nyuma ya ndege, moja kwa moja machoni pako. Rangi ya miguu, michirizi ya kifuani, alama ya jicho, vyote vinageuka kivuli cheusi. Halafu mtu anarudi nyumbani akisema Kunduchi siku hizi haina kitu.

Geuza ratiba. Chukua kalenda ya mwezi na jedwali la maji, tafuta siku zinazoanzia tatu kabla ya mwezi mpevu au mwandamo hadi siku moja au mbili baada yake. Katika siku hizo maji hujaa kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja jioni, jua likiwa mgongoni kwako, upande wa minazi. Ukizidisha siku hizo, kilele cha maji kinasogea kuelekea wakati wa magharibi na giza linakukuta bado unahesabu. Oktoba jua linazama kama saa kumi na mbili na robo.

Fika saa mbili na nusu hadi tatu kabla ya kilele. Sababu ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Ukigawa safari nzima ya kujaa katika sehemu 12, saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, ya mwisho 1. Nusu ya maji yote inaingia katika zile saa mbili za katikati. Hapo ndipo mchanga unapopungua kwa kasi, ndege waliotawanyika wanabanwa kwenye ukanda mwembamba, na wanakuja kwako wenyewe. Kazi yako ni kukaa chini, kimya, teleskopu ikiwa imefupishwa miguu, nguo isiyong'aa. Anayewafuata ndege kwa miguu wakati maji yanapanda hajaelewa kwamba maji yanamfanyia kazi hiyo bure.

Bamvua ikifika kilele chake, mchanga wote unafunikwa na ndege wanahamia mashamba ya chumvi nyuma ya mikoko. Mashamba haya yana wenyewe. Omba ruhusa kwa mwenye shamba au mlinzi kabla ya kukanyaga tuta, na tembeeni mmoja nyuma ya mwenzake juu ya tuta, kamwe msishuke ndani ya bwawa. Usipoteze muda kutafuta wanaokula kwenye mabwawa ya mwisho ambako chumvi inaganda. Humo hakuna cha kula. Angalia mabwawa ya mwanzo yanayopokea maji ya bahari, hasa yenye kina kisichofika goti la chamchanga. Saa saba na saa nane mchana mazigazi hucheza juu ya chumvi na picha yote inatetemeka. Dawa si kuongeza ukuzaji. Shusha teleskopu hadi mara 20 au 25, kisha subiri upepo au wingu.

Na maji mafu? Wakati huo maji hujaa katikati ya asubuhi, yanapanda kidogo, na mafungu ya mchanga wa nje hubaki wazi. Ndege hawana sababu ya kusogea, wanapumzika hukohuko mbali. Hizo ndizo siku za kwenda Pugu alfajiri. Mkitaka saa kumi na mbili asubuhi, chukueni hiyo.

"Wanakimbia baridi, kwa hiyo waje Desemba"

Chamchanga mdomo-kombo, *Calidris ferruginea*, huzaa kwenye tundra ya Siberia ya kaskazini na madume huanza kuondoka kabla ya Julai kuisha, kiangazi cha huko kikiwa bado kinaendelea. Kinachowasukuma ni mpango wa mwaka mzima: kuzaa, kunenepa, kusafiri, kubadilisha manyoya, kabla chakula hakijakauka. Kwa anayetaka kujifunza, Agosti ni dhahabu, kwa kuwa wakubwa wanaofika mwanzo bado wana mabaki ya wekundu wa matofali tumboni. Septemba na Oktoba wanaingia makinda wa mwaka huo, ambao manyoya ya mgongo yana kingo nyeupe kama magamba ya samaki na kifua chenye rangi ya maziwa ya chai. Desemba wote ni kijivu, na hapo ndipo wageni wanalalamika kwamba wanafanana.

Kuna wanaochelewa kwa haki yao. Kozi wa Amuri, *Falco amurensis*, anatoka mashariki ya mbali ya Asia, anapitia kaskazini-mashariki mwa India, kisha anavuka Bahari ya Hindi bila kutua. Wale waliofungwa vifaa vya setilaiti mwaka 2013 walithibitisha hilo. Afrika Mashariki hupita mwishoni mwa Novemba na Desemba wakielekea kusini. Mtafute mbele ya wingu la mvua, au kumbikumbi wanapotoka ardhini baada ya mvua ya vuli, pamoja na mbayuwayu na vijumba-mshale. Ndiyo maana dhana nyingine, kwamba mvua ikinyesha siku imekwisha, haina msingi. Saa moja baada ya mvua kukatika ni bora kuliko siku nzima kavu. Na kunguru hawa wa India, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa wamejaza mji, wana faida moja tu kwa mtazamaji: wakiinuka kwa makelele kuelekea juu, tazama juu. Mara nyingi kuna kozi au mwewe.

"Aliyeonekana Juni si mhamaji"

Ni mhamaji. Sululu, kitwitwi wa kijivu na wengine wengi wa mwaka wa kwanza hawarudi kaskazini. Hawajafika umri wa kuzaa, na safari hiyo ni gharama bure. Wanabaki hapa msimu mzima wa kusi. Ukimwona sululu Juni, angalia manyoya ya mabawa: mara nyingi yamechakaa na kupauka.

"Nimeona ndege adimu"

Labda. Lakini kabla ya kutangaza, tuanze na miguu. Tope la mikoko hufanya mguu wa njano uonekane mweusi, na nusu ya "ndege wapya" ni tope. Subiri aoge au apite kwenye maji.

Kisha ukubwa. Ndege akiwa peke yake, jicho lako halina kipimo, na mwanga wa jioni humnenepesha. Vitwitwi wa mchangani wa aina mbili, mkubwa na mdogo, wanachanganywa kila wiki kwa sababu hii. Acha ukubwa, pima mdomo. Chukua umbali kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho. Mdomo wa mkubwa kwa kawaida unazidi umbali huo, na ncha yake huchongoka polepole. Wa mdogo unalingana nao au ni mfupi zaidi, na ncha ni butu. Miguu ya mkubwa huelekea rangi ya kijani-njano, ya mdogo ni ya kijivu cheusi, tena baada ya kunawa. Wakiruka, vidole vya mkubwa hutokeza nyuma ya mkia. Alama moja haitoshi. Zikikubaliana tatu, andika.

Kuandika kwenyewe kuna utaratibu: andika ulichokiona kabla ya kufungua kitabu au simu. Ukishaiona picha ya kitabuni, jicho linaanza kukumbuka mambo ambayo ndege hakuwa nayo. Piga picha ya ubavu, ya mabawa yakiwa wazi na ya mkia, hata kama ni mbaya. Picha tatu mbovu za pande tofauti zina thamani kuliko moja nzuri ya uso. Peleka taarifa eBird, tovuti ya kurekodi ndege walioonekana, au kwa Atlasi ya Ndege Tanzania, pamoja na tarehe, mahali na hali ya maji.

"Sogea kidogo tu, tupate picha"

Hapana. Chamchanga mwenye gramu 55 au 60 anahitaji kuweka mafuta mwilini kabla ya kurudi kaskazini, na kila anaporushwa anayachoma. Vichwa vikiinuka wote kwa pamoja, simama. Wakianza kutembea kukukwepa, rudi nyuma hatua kumi. Wakiruka, umeshaharibu, na hawatarudi pale mpaka maji yapwe. Kwa kundi lililopumzika, mita 70 au 80 ni karibu ya kutosha. Teleskopu ilitengenezwa kwa ajili hiyo. Sauti za ndege kwenye simu nazo ziacheni mfukoni. Msimu huu hakuna anayetetea eneo la kuzalia, kwa hiyo unapiga kelele tu.

Jambo jingine la darubini, na si la ndege: kati ya Ocean Road na Kivukoni msiielekeze Ikulu, kwenye vivuko wala bandarini. Askari hatajali kwamba unatafuta buabua. Na kwenye fukwe zenye watu wachache, teleskopu ya shilingi milioni kadhaa haitembezwi na mtu mmoja.

"Ndege aliyeingia nyumbani usiku ametumwa"

Ametumwa na balbu yako. Wahamaji wengi wadogo husafiri usiku, na taa za barazani huwavuruga, hasa mawingu yakiwa chini. Hata pita wa Afrika, *Pitta angolensis*, yule wa kijani, mwekundu tumboni na mwenye mabaka ya buluu ya kung'aa bawani, ambaye watu hutembea msituni miaka bila kumwona, hupatikana hivyo wakati wa kuhama: amegonga kioo na amekaa chini ya dirisha. Zima taa. Mweke kwenye boksi la karatasi lenye matundu, chini pamewekwa kitambaa, mahali pa giza na kimya. Usimlazimishe maji wala chakula. Maji yakiingia kwenye njia ya hewa yanamuua. Akizinduka na kusimama imara, mwachie jioni inayofuata karibu na miti, mbali na kunguru.

"Mwenye pete mguuni ni wa kijasusi, au wa mganga"

Ni wa watafiti. Pete ya chuma ina namba na jina la kituo. Ukiona MOSKWA, ilifungwa kupitia kituo cha Urusi. Vibendera vya plastiki vya rangi vinasomeka kwa teleskopu, mradi urekodi vyote: mguu wa kulia au wa kushoto (wa ndege, si wako), juu au chini ya kifundo, mpangilio wa rangi kuanzia juu, na herufi zilizoandikwa. Taarifa isiyotaja mguu gani mara nyingi haitambuliki. Aliye hai usimvue pete. Aliyekufa usimshike mikono mitupu. Vaa glavu, piga picha ya pete pande zote mpaka namba zote zisomeke, andika mahali na tarehe, kisha tuma kupitia tovuti ya EURING, muungano wa vituo vya Ulaya vya kufunga ndege pete, ambayo huipeleka kwa kituo husika. Mkikuta waliokufa ni wengi mahali pamoja, msiwaguse kabisa, mwiteni afisa mifugo wa kata.