Kalamu Zipo, Hesabu Hakuna: Dhana Potofu Kuhusu Katuni na Matamasha Yake Tabora

Tabora haina uhaba wa wachoraji. Fungua kurasa za nyuma za madaftari ya sekondari yoyote mjini utawakuta, na wengine mkono wao ni mzuri kweli. Kazi nyingi zinakwama kwingine: kwenye kukunja karatasi, kuhesabu fremu (picha moja moja za video) na kupanga meza ukumbini. Hapo ndipo dhana za vijiweni zinapowapoteza watu.

Dhana: Bila tableti ya kuchorea huwezi kuanza

Penseli ya HB, kifutio laini, rula, kalamu ya wino mweusi usioyeyuka kwa maji, na karatasi. Basi. Karatasi ya rimu ya gramu 80 inatosha kwa rasimu, lakini kwa ukurasa wa mwisho wino husambaa kama mizizi. Tafuta ya gramu 160 au zaidi, au kata manila nyeupe kwa kipimo cha A4.

Kama kitabu kitakuwa A5, chora kwenye A4. Ukipunguza, kila kitu kinabaki asilimia 71 ya ukubwa wake. Mstari wa milimita 0.3 utakuwa 0.2, na chini ya hapo mashine nyingi za fotokopi huanza kuuruka. Kivuli cha kusugua kwa penseli kisahau kabisa, maana fotokopi hukigeuza madoa. Tia kivuli kwa mistari au nukta.

Skana pia si lazima. A4 yenye nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508, yaani kama megapikseli 8.7, na simu ya megapikseli 13 inafika hapo iwapo ukurasa umejaza sehemu kubwa ya picha. Kosa la hapa kwetu ni kwenda kupiga chini ya mwembe. Kivuli cha mwembe kina matobo ya jua, na kila tobo litatokea kwenye ukurasa kama duara jeupe ambalo hakuna programu italiondoa vizuri. Piga kibarazani, upande usio na jua, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi. Acha nafasi kidogo pembeni, kwa sababu lenzi hupinda mistari iliyo kwenye kingo za picha. Ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp, itume kama faili. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa, na herufi ndogo zinakuwa ukungu.

Dhana: Chora kwanza, maneno utayapachika baadaye

Hii ndiyo inayoharibu kurasa nyingi za Kiswahili kuliko zote, na mafunzo ya kuchora ya mtandaoni hayaisemi kwa sababu mengi yameandaliwa kwa Kiingereza. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. Chukua "hawatatusikiliza": herufi 16. Kwa herufi ya urefu wa milimita 3, ambayo ndiyo ndogo inayosomeka bila kukunja uso, kila moja ikichukua upana wa kama milimita 2.5, neno hilo linakula milimita 40. Ukurasa wa A5 una upana wa milimita 148. Ukiweka vyumba (visanduku vya picha) vitatu kwa mstari na kuacha pambizo, kila chumba kinabaki na takriban milimita 40. Neno moja limejaza chumba, na mhusika hana pa kuweka kichwa.

Kwa hiyo andika maneno kwa penseli kabla hujachora uso wa mtu. Kwenye A4 yaandike kwa urefu wa milimita 4.2, yakipunguzwa yatakuwa 3. Yazungushie puto, yaani duara la usemi lenye mkia unaoelekea kwa msemaji, kisha wahusika wapewe nafasi iliyobaki. Neno likigoma, likate mwisho wa silabi (hawata-tusikiliza), na usitenganishe ng', ny wala sh. Lakini dawa bora ni kubadili usemi: "Wale? Hawatusikii." Usemi umekuwa mfupi, na umekuwa wa mtu anayeongea. Na mwenye puto la kwanza asimame kushoto. Akisimama kulia, mikia ya maputo itapishana kama kamba za mbuzi.

Dhana: Manga halisi husomwa kulia kwenda kushoto, na yangu iwe hivyo

Manga ni katuni za Kijapani, na Wajapani hawafanyi hivyo kwa mbwembwe. Maandishi yao ya vitabuni husimama wima, na safu zake huanzia kulia, ndiyo maana picha zikafuata. Kiswahili kinaenda kushoto kwenda kulia. Ukigeuza vyumba peke yake, jicho la msomaji litasoma sentensi kuelekea huku na kuruka chumba kuelekea kule, na kichekesho kitasomwa kabla ya kisa chake. Chukua macho makubwa na mistari ya kasi ukipenda, mwelekeo waachie wenyewe.

Dhana: Katuni ni za watoto

Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, ameishi kwa kuwachora marais kwenye magazeti ya Kenya tangu miaka ya 1990. Tuendelee.

Dhana: Kuchapisha ni mpaka Dar

Kwa nakala elfu kadhaa za rangi, sawa. Kwa nakala mia za nyeusi na nyeupe, steshenari yenye printa nzuri na mtu mvumilivu inatosha, mradi hesabu uifanye wewe kabla ya kufika kaunta.

Karatasi moja ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa nne za A5. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne: 12, 16, 20. Aliyeleta hadithi ya kurasa 18 ana mawili, kukata mbili au kuongeza mbili. Kwa kurasa 16 unahitaji karatasi nne, na mpangilio wake ni huu: karatasi ya kwanza, upande wa nje 16 na 1, wa ndani 2 na 15. Ya pili 14 na 3, nyuma yake 4 na 13. Ya tatu 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya nne 10 na 7, nyuma 8 na 9. Jozi zote zinajumlisha 17. Ukiona jozi inatoa 16 au 18, simamisha mashine.

Printa inayochapa pande mbili iambiwe igeuze kwa ukingo mfupi. Ikigeuza kwa ukingo mrefu, upande wa pili utatoka miguu juu, na utaligundua hilo baada ya karatasi 200. Chapa kitabu kimoja, kikunje, kisome chote, ndipo uagize vingine. Acha pambizo la angalau milimita 8 kila upande, maana printa nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni na zitakula herufi za pembeni.

Karatasi nne za ndani na moja ya jalada ni tano, mara nakala 100 ni 500, rimu moja kamili. Inapendeza, lakini ni mtego, kwa sababu hakuna rimu inayochapwa bila karatasi kukwama. Panga nakala 95.

Kisha stepla. Mstari wa kukunja A4 uko milimita 148 na nusu kutoka ukingoni, na mkono wa stepla ya kawaida ya mezani haufiki huko. Watu huishia kupiga pini pembeni, kitabu hakifunguki vizuri na maneno ya ndani yanamezwa. Ama uazime stepla ya mkono mrefu, ama ufungue ile ya kawaida, ulaze kitabu juu ya boksi, upige pini mbili kwenye mstari wa mkunjo, kisha ukunje miguu yake kwa kijiko. Sindano na uzi wa fundi viatu, matundu matatu, hudumu kuliko pini. Ni kazi ya mikono, waite wadogo zako.

Dhana: Siku hizi animesheni ni kubonyeza tu

Sekunde moja ya sinema ina fremu 24. Wachoraji wengi huacha kila mchoro ukae fremu mbili, kwa hiyo michoro 12 kwa sekunde. Dakika moja ni michoro 720. Ukiwa mwepesi, dakika tano kwa mchoro, ni saa 60 za kazi bila rangi wala mandhari. Anayemwahidi mteja tangazo la dakika mbili kwa wiki moja hajapiga hesabu hii, au amepanga kutolala. Programu za Blender, Krita na OpenToonz ni za bure kisheria, hivyo gharama kubwa ni muda.

Kiswahili hapa kinalipa deni la yale maputo. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, na irabu ni tano. Chora midomo ya a, e, i, o, u, kisha mdomo uliofumba kwa m, b na p, na mmoja wa meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Midomo saba inatosha kwa hadithi nzima. "Mama", "baba" na "papa" hutumia midomo ileile miwili, sauti ndiyo inayotofautisha. Mtu akiongea kwa kasi ya kawaida hutoa kama silabi sita kwa sekunde, kwa hiyo kila silabi inapata michoro miwili.

Ndiyo maana sauti hurekodiwa kwanza, picha hufuata. Rekodi katika chumba chenye godoro, nguo na mapazia. Kati ya Novemba na Aprili usipange kurekodi mchana chini ya bati, mvua ya Tabora haikuombi ruhusa.

Na umeme. Ukiiambia programu itoe faili moja la video, umeme ukikatika katikati faili hilo mara nyingi halifunguki, unaanza upya. Iambie itoe picha za PNG zenye namba. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 400, unaanzia 401. Zikikamilika ndipo unaziunganisha kuwa video, kazi ya dakika chache.

Dhana: Ukibadilisha asilimia 30 ya mhusika, anakuwa wako

Hakuna asilimia kama hiyo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kinachoangaliwa ni kama sehemu muhimu ya kazi ya mwenzako imechukuliwa. Nywele za rangi nyingine hazikuokoi. Wala kuonyesha katuni ya mtu ukumbini "bure, hatutozi kiingilio" hakuondoi haja ya ruhusa, maana kuonyesha hadharani ni haki ya mwenye kazi.

Upande wa pili watu hukosea pia. Wanadhani kazi yao hailindwi mpaka waisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini. Ulinzi huanza kazi inapowekwa kwenye karatasi au faili, na hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Usajili unakupa ushahidi siku ya ugomvi, kwa hiyo una maana yake. Tunza na rasimu zenye tarehe.

Kwa anayetafuta mashujaa wasio na mwenyewe: Mtemi Mirambo alifariki 1884, Isike wa Unyanyembe 1893. Matukio ya maisha yao hayana hakimiliki. Picha au kitabu cha mtu wa leo kuwahusu, hicho kina mwenyewe.

Dhana: Tamasha la mashabiki ni lazima liwe kubwa

San Diego, Marekani, ambako siku hizi hujaa watu zaidi ya 100,000, tamasha la kwanza la siku tatu la Agosti 1970 lilikuwa na watu kama 300. Comiket, soko la katuni la Tokyo, ilianza Desemba 1975 na vikundi 32 vya wachoraji na wageni takriban 700. Ukumbi wa shule wenye meza 12 si aibu.

Anza na Afisa Utamaduni wa halmashauri, miezi miwili kabla, atakueleza vibali. Barua ya ukumbi iandikwe mapema, taarifa polisi pia. Juni na Julai zinafaa: kiangazi, na wanafunzi wengi wana likizo. Novemba kuna mvua, na kidato cha nne wako kwenye mtihani.

Ratiba usinakili ya Dar. Jua la Tabora huzama kama dakika 25 baada ya la Dar, karibu saa 12:50 jioni. Projekta ya lumeni 3000 iliyowashwa saa 11 kwenye ukumbi wenye madirisha itaonyesha kivuli cha kivuli. Unaweza kuziba madirisha kwa kaniki, lakini ukumbi utakuwa tanuri. Mchana weka meza, mafunzo na maonyesho ya mashabiki waliovaa kama wahusika, filamu zianze saa 1:15 usiku. Flashi ya kuhifadhia faili iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, kwa hiyo jaribu kila filamu siku moja kabla, kwa mashine ileile itakayotumika.

Wauzaji waje na chenji, na bei iwe ya noti moja, 1,000 au 2,000. Bei ya 1,300 humfukuza mteja aliyekwisha kutoa hela mfukoni.

Dhana: Mavazi ya wahusika huagizwa nje

Mitumba ya Tabora ina makoti marefu kuliko unavyohitaji. Silaha na deraya hukatwa kwenye mikeka ya povu ya mazoezi, ikashikizwa kwa gundi ya fundi viatu: paka pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, ndipo ubane. Wasio na subira hubana ikiwa mbichi, na deraya inaachia ukumbini. Povu lipakwe gundi ya mbao iliyotiwa maji kidogo, mara tatu, kila mara ikikauka kabla ya nyingine, ndipo rangi. Bila hivyo povu hunywa rangi ya kopo zima na bado linabaki na mabaka. Upanga wa chuma na bunduki inayofanana na ya kweli vibaki nyumbani, mlangoni haviingii.