Wakili wa kesi ya jinai: yanayosemwa mtaani na yalivyo mahakamani

Mtu akikamatwa, washauri hufika kabla ya wakili. Shemeji ana lake, jirani ana lake, na yule aliyewahi kulala mahabusu usiku mmoja ndiye mtaalamu wa wote. Mengi wanayosema yana mzizi mmoja: wanamwona wakili kama mtu wa kusimama mbele ya hakimu na kuongea. Anayeamini hivyo humtafuta wakili siku ya kusikilizwa kesi, wakati sehemu kubwa ya kazi ilitakiwa iwe imeshafanyika.

“Sina hatia, wakili wa nini?”

Hii ndiyo dhana inayowaumiza wengi, na inawaumiza zaidi wasio na kosa. Mtu mwenye dhamiri safi hudhani ukweli utajieleza wenyewe, kwa hiyo anaongea bila breki. Anasema alitoka nyumbani saa mbili usiku. Kumbukumbu za simu yake zinaonyesha ilikuwa saa tatu na nusu. Yeye alisahau tu, lakini kwenye jalada inasomeka kwamba mshukiwa alidanganya, na miezi kadhaa baadaye mwendesha mashtaka atamsomea maneno hayo neno kwa neno.

Tazama yaliyompata Clarence Earl Gideon wa Florida, Marekani. Mwaka 1961 alishtakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool. Aliomba mahakama impe wakili akakataliwa, kwa kuwa sheria ya jimbo hilo wakati huo iliruhusu mahakama kumpa mtu wakili kwa mashtaka ya adhabu ya kifo tu. Akajitetea mwenyewe, akatiwa hatiani, akapewa miaka 5. Akiwa gerezani aliandika maombi yake kwa penseli kwenda Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na Machi 1963 majaji wote wakakubaliana naye: asiye na uwezo lazima apewe wakili. Kesi ikaanza upya Agosti mwaka huohuo.

Safari hii alikuwa na wakili, W. Fred Turner. Dereva wa teksi alieleza kwamba Gideon alimwambia asimwambie mtu kuwa amembeba. Maneno hayo yakiachwa hivyo yanatosha kumzamisha mtu. Turner akamdodosa dereva: je, aliwahi kumwambia hivyo siku nyingine? Ndiyo, kila alipombeba; Gideon alikuwa na ugomvi na mkewe. Wazee wa baraza walimwachia huru baada ya kama saa moja. Mshtakiwa yuleyule, mashtaka yaleyale. Swali kama hilo haliji kwa bahati, huja kwa sababu mtu alikaa na kufikiria kila shahidi kabla ya kuingia mahakamani.

“Ukiita wakili unaonekana umekiri”

Kuita wakili si ushahidi wa chochote. Kanuni za msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu kazi ya mawakili, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinataka aliyekamatwa akutane na wakili haraka, na kwa vyovyote isizidi saa 48. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili wake. Polisi wenyewe wanalijua hili. Wanaoshtuka mtu akiomba wakili ni ndugu zake.

Ila niseme jambo ambalo washauri wa mtaani huliruka. “Nyamaza tu” si dawa ya kila mahali. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1994, ukinyamaza kwenye mahojiano kisha ukaibuka mahakamani na maelezo ambayo ungeweza kuyatoa mapema, mahakama inaweza kukujengea picha mbaya. Kwingine kunyamaza hakukugharimu kitu. Kwa hiyo sentensi ya kwanza iwe fupi: nataka kuzungumza na wakili kwanza. Mengine yasubiri afike.

“Wakili wa bure si wakili”

Wakili anayelipwa na serikali au kupangiwa na mahakama ana leseni ileile na wajibu uleule kama unayemlipa mwenyewe. Wengi wao wako mahakamani kila siku ya kazi na wanazijua kesi za jinai kuliko mwenye ofisi ya vioo anayeshughulikia mikataba. Tatizo lao ni mzigo: majalada mengi, muda mchache. Hapo mteja anaweza kusaidia sana. Mletee karatasi moja yenye mfuatano wa matukio kwa tarehe na saa, majina ya watu waliokuwepo na namba zao, picha, risiti, na ujumbe wa simu usiofutwa. Nenda na hivyo badala ya kwenda kulalamika kwamba hakupigii simu.

Tena usidhani msaada huo hutolewa kwa kila mtu na kila kosa. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa mwaka 1966 unasema mshtakiwa asiye na uwezo apewe wakili bila malipo pale haki inapodai hivyo, na kila nchi imeweka mipaka yake. Uliza siku ya kwanza unapofikishwa mahakamani. Kukaa kimya ukisubiri uulizwe ni kupoteza muda.

“Huyu hajawahi kushindwa kesi”

Kimbia. Asiyeshindwa labda anachagua kesi nyepesi tu, au anakuongopea. Hakuna wakili anayeweza kuahidi hukumu, maana si yeye anayeitoa. Anachoweza kuahidi ni kazi: atasoma jalada, atakutana na mashahidi, atafika kwa wakati, atakueleza kila hatua.

Hatari zaidi ni yule anayekunong’oneza kwamba hakimu ni mtu wake na kinachohitajika ni “kitu kidogo”. Mara nyingi hela hiyo haifiki popote zaidi ya mfukoni mwake, na ikifika, una kesi ya pili ya rushwa juu ya ile ya kwanza. Usichanganye hilo na faida halali ya wakili anayetetea kesi kwenye mahakama ya eneo lako mara kwa mara. Huyo anajua masjala inatoa nakala siku gani, ofisi ya mashtaka inasikiliza maombi ya namna gani, na hakimu hapendi kucheleweshewa nini. Ndiyo maana aliyekushindia kesi ya kiwanja si lazima awe wa kukutetea kwenye shtaka la wizi. Muulize waziwazi: kesi za jinai unafanya mara ngapi, na mahakama hii unaijua?

Malipo nayo yana utata wake. “Nikilipa nimemaliza” ni maneno ya mtu ambaye hakusoma makubaliano. Kiasi kilichotajwa kinaweza kuwa cha maombi ya dhamana pekee, au hadi hukumu bila rufaa, au kwa kila siku ya kufika mahakamani. Yaandikwe, na risiti itolewe. Akisema utamlipa akishinda tu, jiulize mara mbili. Katika nchi nyingi mpango huo hauruhusiwi kwenye kesi za jinai.

“Nikimwambia ukweli atanikimbia”

Unayomwambia wakili kuhusu yaliyopita ni siri yenu, na kumtetea mtu aliyefanya kosa si jambo la aibu kwake. Kazi ya kuthibitisha ni ya upande wa mashtaka, na wakili ana haki ya kuupima ushahidi wao hata akijua yote. Asichoweza ni kukusaidia kudanganya mahakama. Siri hiyo pia haimlindi anayepanga kosa jipya, na inaweza kupotea ukiongea mbele ya binamu aliyekusindikiza au kwenye simu ya gerezani inayorekodiwa. Binamu asubiri nje.

Kinachomuua wakili ni kushtukizwa. Jambo baya akilisikia kwako wiki tatu kabla, atalitafutia jibu. Akilisikia kwa mwendesha mashtaka, mbele ya hakimu, hana la kufanya.

“Mlalamikaji ameshanisamehe”

Vizuri, lakini kesi ya jinai kwa kawaida ni ya serikali. Msamaha unaweza kupunguza adhabu au kushawishi mashtaka yaondolewe, na mwenye uamuzi ni mwendesha mashtaka au mahakama. Na usimfuate mlalamikaji mwenyewe kumwomba barua. Unaweza kuambiwa unaingilia shahidi.

“Kiri tu, yaishe”

Kukiri wakati mwingine ni uamuzi mzuri, na wakili makini atakuambia hivyo bila kuona haya. Lakini faini ndogo ikishalipwa, rekodi inabaki. Inaweza kukufuata kwenye maombi ya kazi, leseni au viza. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Padilla, kwamba wakili ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kuwa kukiri kunaweza kumfanya afukuzwe nchini. Kwa hiyo kabla hujasema “ni kweli” kizimbani, mwombe wakili akutajie mambo matatu: adhabu ya juu kabisa ya kosa hilo, alichokubaliana na upande wa mashtaka na kama kimeandikwa, na nini kitabaki kwenye jina lako baada ya adhabu kwisha.