Je, wajua kwa nini yangeyange mweupe hutoka mweusi tii kwenye picha ya macheo?

Yangeyange ni mweupe pe, lakini mpige picha jua likichomoza nyuma yake na atatoka mweusi kama mnandi. Ubavu unaoitazama kamera uko kivulini, huku anga nyuma yake liking'aa mara nyingi zaidi. Jicho humudu pengo hilo kwa kujirekebisha kila linapohama kutoka angani hadi kwa ndege. Kamera hutumia kipimo kimoja cha mwanga kwa picha nzima. Kikilifaa anga, ndege anazama gizani.

Ila ukiitaka picha hiyo ya ndege mweusi na ukaiacha kamera ijiamulie, mara nyingi italiacha anga. Kipima mwanga chake huchukulia kila kilicho mbele yake kuwa kijivu cha wastani. Kikiona maji ya giza yamejaa fremu huongeza mwanga: ndege anapauka, na ile rangi ya machungwa iliyokuamsha usiku inaungua. Basi pima mwanga wa anga pembeni mwa jua (jua lenyewe liache), funga kipimo hicho kisibadilike, kisha rudi kwa ndege. Au punguza mwanga kwa hatua 1 hadi 2. Kila hatua huukata nusu. Kwenye simu, gusa anga kisha telezesha alama ya jua chini. HDR (hali inayounganisha picha za mwanga tofauti) izime, maana kazi yake ni kuangaza vivuli, na hapa kivuli ndicho unachokitafuta.

Korongo aliyesimama anatosheka na shata (muda kamera inaoingiza mwanga) ya 1/250 ya sekunde. Anayeruka anataka 1/1000 au kasi zaidi, la sivyo ncha za mbawa zinafifia. Mizani ya rangi (white balance) iweke kwenye alama ya jua au mawingu. Ile ya otomatiki huona wekundu wa alfajiri ni kasoro na kuusafisha. Fokasi nayo hutangatanga ukiilenga katikati ya mwili mweusi, kwa sababu hutafuta mahali giza linapokutana na mwanga. Lenga ukingo: shingo, mgongo au mdomo.

Mipangilio hiyo hujifunzwa asubuhi moja. Umbo ndilo gumu. Rangi ikishaondoka, ndege hutambulika kwa ukingo wake tu. Akikuelekea uso kwa uso, mdomo unapotea na anabaki kisiki. Subiri ageuze kichwa pembeni. Miguu iachane, na mwanya wa mwanga uonekane kati ya shingo na kifua. Ndege wawili wakigusana kidogo tu, umepata mnyama wa vichwa viwili. Mnandi aliyetanua mbawa kuzikausha ni zawadi. Angani, yangeyange huikunja shingo mfano wa S ilhali heroe huinyoosha mbele, hivyo hata wakiwa weusi wote huwezi kuwachanganya.

Picha nyingi huharibiwa na kimo cha kamera. Kichwa cha ndege kikiangukia kwenye miti ya ng'ambo, ni weusi juu ya weusi. Chuchumaa mpaka kichwa kivuke miti na kuingia angani, au panda juu kidogo ili azungukwe na maji yanayoakisi anga. Hatua chache kushoto au kulia nazo husaidia, ila uzipige polepole.

Fika mapema. Karibu na Ikweta, tangu jua likiwa nyuzi 6 chini ya upeo hadi linapochomoza ni kama dakika 20 tu, na duara lake lote hupanda kwa dakika 2 na ushei. Likishatokeza, tumia skrini. Kuchungulia jua kwa lenzi ndefu kupitia kitundu cha kioo cha kutazamia kunaweza kulidhuru jicho. Vua pia kichujio cha kioo mbele ya lenzi: ndicho mara nyingi huleta vidoa vya mwanga vinavyoelea katikati ya picha, na ni vigumu kuviondoa vizuri kwa programu vikikaa juu ya ndege.