Usiulize chuo kinapokea krediti ngapi

Wiki mbili zilizopita kaka mmoja alifika mezani kwangu saa kumi jioni, kabla hajaingia zamu ya usiku ghalani. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki, na kwenye simu alikuwa na barua pepe kutoka chuo kimoja cha mtandaoni: "Hongera! Tumepokea krediti zako 78." Hesabu alikuwa ameshaipiga mwenyewe nyuma ya bahasha kwa kalamu ya wino. Krediti ni kipimo cha uzito wa somo ulilomaliza, na shahada ya kwanza ya biashara ni krediti 120. Toa 78, zinabaki 42. Kila krediti dola 280. Jumla dola 11,760. "Dada, nisaini leo?" Nikamwomba asubiri hadi Ijumaa.

Mimi ni mshauri wa masomo katika chuo cha jamii (community college) hapa Ohio, Marekani, mwaka wa kumi na moja sasa. Wengi wanaokuja kwangu kwa Kiswahili ni Watanzania na Wakenya waliokuja kwa bahati nasibu ya green card, na Wakongo waliokulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Karibu wote wana masomo waliyoyaanza mahali fulani wakayaacha njiani: diploma ya nyumbani, muhula mmoja huku, muhula mwingine kule. Na karibu wote huuliza vyuo swali moja: "Mnapokea krediti zangu ngapi?" Swali hilo limewagharimu watu wangu pesa nyingi, ndiyo maana naandika.

Krediti iliyopokelewa si lazima iwe krediti iliyotumika. Shahada ya biashara imegawanyika. Kuna masomo ya elimu ya jumla, kama uandishi wa Kiingereza, hesabu, historia na sayansi. Kuna masomo ya msingi ya biashara: uhasibu, uchumi, masoko, sheria, fedha, menejimenti. Kuna masomo ya mchepuo wako, halafu inabaki nafasi kidogo ya masomo ya kujichagulia. Chuo kinaweza kupokea kila ulicholeta na kukirundika kwenye ile nafasi ya kujichagulia. Nafasi ikijaa, zinazozidi zinabaki kwenye rekodi yako kama mapambo. Hazipunguzi hata somo moja unalodaiwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa yule kaka. Tuliomba karatasi ambayo vyuo vya huku huiita degree audit, inayoonyesha mstari kwa mstari kila somo la shahada na kilicholijaza. Ilipokuja, kati ya krediti 78, zilizotumika zilikuwa 51. Zile 27 zilikuwa zimelala chini kabisa ya ukurasa. Kwa hiyo alibakiza krediti 69, siyo 42, na bei yake ilikuwa dola 19,320. Tofauti na ile hesabu ya nyuma ya bahasha ni zaidi ya dola elfu saba na mia tano. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Hiyo ni nyumba ya mama ninayoijenga Tabora."

Swali la kuuliza ni hili: nikianza kwenu leo, nimebakiza masomo gani, yataje moja moja, na mpaka cheti nitalipa jumla ya dola ngapi pamoja na ada zote ndogondogo? Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi, kabla hujasaini. Mtu wa udahili anayekupigia simu mara tatu kwa siku kazi yake ni kukuandikisha. Jibu la kuaminika hutoka kwa msajili au kwa idara yenyewe ya biashara.

Krediti hukwama hivyo hasa kwa sababu mbili, na zote nimeziona kwa macho. Ya kwanza ni ngazi. Masomo yenye namba zinazoanzia 100 na 200 ni ya chini, ya 300 na 400 ni ya juu, na kila shahada inadai kiasi fulani cha ya juu. Diploma zetu, na vyuo vya jamii kama changu, hutoa ya chini. Ukirundika krediti 90 za ngazi ya chini hujakaribia mwisho kama unavyodhani. Isitoshe, vyuo vingi vinataka angalau krediti 30, yaani robo ya shahada, zisomwe kwao wenyewe.

Sababu ya pili ni kwamba anayetathmini hajui somo lako lilifundisha nini. Hili lilinipata mimi. Nilikuja na diploma ya uhasibu, na chuo nilichojiunga kiliandika masomo yangu manne ya uhasibu kuwa ya kujichagulia. Nikarudia kusoma debiti na krediti za leja, nikalipia kwa pesa ya ovataimu, huku mwalimu akiniomba niwasaidie wenzangu. Miaka miwili baadaye ndipo nikajua kwamba ningeweza kukata rufaa kwa kupeleka silabasi. Leo huwa sikubali mtu aondoke mezani kwangu bila kupanga silabasi zake zitapatikanaje. Karatasi ya matokeo inasema "Uhasibu II, B+". Silabasi inasema mlisoma hesabu za ubia na mtiririko wa fedha, kwa wiki ngapi na kwa kitabu gani. Mdogo wangu aliwahi kwenda kwenye chuo alichosoma mteja wangu mmoja, akakaa siku nzima idarani, akapiga picha kurasa 40 na kuzituma kwa WhatsApp. Kurasa hizo ziliokoa masomo matatu.

Kwa waliosoma Tanzania kuna jambo linalochanganya sana. Katika mfumo wa NTA, yaani wa tuzo za vyuo vya ufundi, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa masomo una krediti 120. Marekani mwaka mzima wa masomo ni krediti 30 tu. Kwa hiyo usione namba kubwa kwenye transkripti yako ukadhani umeshamaliza shahada, wala usivunjike moyo tathmini ikirudi na namba ndogo. Ni vipimo viwili tofauti, kama kupima kanga kwa yadi na kwa mita. Hata ndani ya Marekani, vyuo vinavyogawa mwaka kwa robo badala ya mihula huhesabu 180 badala ya 120, na krediti yao moja ni theluthi mbili ya krediti ya muhula.

Tathmini ya vyeti vya nje hufanywa na mashirika ya kujitegemea. Chagua lililo mwanachama wa NACES, umoja wa mashirika hayo, WES likiwa mojawapo, na uulize kwanza chuo unachokitaka kinakubali lipi. Lipia tathmini ya somo kwa somo. Ile ya bei rahisi inayosema tu "diploma hii ni sawa na kadhaa" haisaidii kuhamisha krediti. Matokeo yatoke chuoni kwako moja kwa moja, ama kwa mtandao ama kwenye bahasha iliyogongwa mhuri mdomoni. Mjomba akiifungua kuhakikisha kama jina limeandikwa vizuri, kazi inaanza upya. Na ukiwa na cheti cha Kidato cha Sita, hasa cha ECA (uchumi, biashara na uhasibu), kitoe pia, maana vipo vyuo vinavyotoa krediti kwa masomo hayo. Wakongo wenye graduat yao ya miaka mitatu ya chuo wasikubali kuambiwa waanze mwaka wa kwanza kabla tathmini haijafanyika.

Sasa tuje kwenye krediti za bei nafuu, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mitihani ya CLEP ya College Board inakuwezesha kupata krediti bila kukaa darasani. Ada ya mtihani mmoja ni ndogo sana kuliko ya somo zima, na alama 50 ndiyo kiwango kinachopendekezwa na ACE, baraza la elimu la Marekani, ingawa kila chuo kina uamuzi wake. Shirika la Modern States linatoa kozi za maandalizi bure mtandaoni, na ukimaliza kozi linakulipia ada ya mtihani. Kwa wenye diploma zetu za biashara, shimo kubwa huwa kwenye elimu ya jumla: historia ya Marekani, aljebra, saikolojia, sosholojia. CLEP inazo zote, pamoja na uchumi na sheria ya biashara.

Na Kiswahili chenyewe kina thamani. ACTFL, shirika la walimu wa lugha la Marekani, lina mtihani rasmi wa mazungumzo kwa Kiswahili, ambapo unaongea na mtahini kwa simu, na ACE inapendekeza krediti za lugha kulingana na kiwango utakachofikia. Nimewaona watu wazima wakitokwa na machozi kugundua kwamba lugha ya bibi yao imeandikwa kwenye transkripti ya Marekani. Ila uliza kwanza kama chuo chako kinaupokea, na kama shahada yako ina nafasi ya lugha.

Bei ya krediti peke yake haitoshi kuamua. Western Governors, chuo cha mtandaoni kisicho cha faida kilichoanzishwa mwaka 1997, hutoza kiasi kimoja kwa kipindi cha miezi sita, bila kujali utamaliza masomo mangapi. Kwa mwenye uzoefu wa kazi na usiku mtulivu, hiyo ni nafuu kubwa. Kwa anayefanya saa 60 kwa wiki na kumaliza somo moja kwa miezi minne, ni ghali kuliko anavyodhani. Wenye krediti zilizotawanyika vyuo vingi nawaambia waangalie Thomas Edison State ya New Jersey, Excelsior ya New York na Charter Oak ya Connecticut. Vyote vilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wazima wa namna hiyo, na hupokea krediti nyingi kuliko kawaida.

Ithibati haina mjadala. Angalia chuo kwenye kanzidata ya Wizara ya Elimu ya Marekani kabla hujatoa senti. Wanaokuuzia shahada nzima kwa "uzoefu wa maisha" wanakuuzia karatasi. Ithibati ya biashara kama AACSB au ACBSP ni nyongeza nzuri, hasa kwa anayewaza MBA au kufundisha, lakini kwa anayetaka kupanda cheo kazini siioni kuwa sababu ya kulipa mara mbili. Anayepanga kurudi Tanzania awasiliane na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) mapema kuhusu utambuzi wa shahada ya mtandaoni. Na aliye kwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, njia hii haimfai: sheria inamhesabia somo moja tu la mtandaoni kwa muhula katika masomo yake ya muda wote.

Kuhusu pesa, mwenye green card au hadhi ya ukimbizi ajaze FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, ilifika hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025 hadi 2026. Lakini mwenye shahada ya kwanza tayari, hata kama ni ya nje, Pell haimhusu, na ni lazima aseme ukweli. Mwajiri pia anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kukatwa kodi. Amazon wana mpango wa Career Choice, Starbucks wanasomesha wafanyakazi kupitia Arizona State tangu 2014. Nenda ofisi ya rasilimali watu uulize. Wengi wetu tunaona aibu kuuliza, na pesa inabaki palepale.

Yule kaka alirudi Ijumaa. Chuo cha pili tulichokiandikia kilipokea krediti 60 tu, na bei yake ni dola 310 kwa krediti, juu kuliko cha kwanza. Lakini zote 60 zilitumika, maana tulipeleka silabasi, na walikubali CLEP sita za krediti tatu tatu kwa masomo ya jumla na ya biashara aliyokuwa hajayasoma. Akifaulu zote atabakiza krediti 42, ambazo ni dola 13,020 kabla ya Pell. Ameanza na sosholojia. Anasikiliza masomo kwenye gari wakati wa mapumziko ya saa nane usiku, na mtihani wake ni tarehe 14.