Miwaridi: subiri masika yaishe ndipo upogoe

Miwaridi ya Arusha haipati baridi kali ya kuilaza. Huchipua mwaka mzima, hivyo anayeamua ipumzike lini ni mwenye mkasi. Wengi hupogoa Machi, udongo ukianza kulainika, na hapo ndipo wanapokosea: machipukizi machanga hukutana na masika, madoa meusi yakayamaliza. Kuvu wa ugonjwa huo huhitaji jani likae limelowa kama saa saba tu. Aprili, usiku wa namna hiyo haukosekani.

Pogoa kwa nguvu mara moja, mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Bakiza matawi manne au matano yenye afya, urefu wa sentimita 40 hadi 50. Toa makavu, membamba kuliko penseli na yanayosuguana katikati. Kata milimita 5 juu ya jicho (mahali chipukizi linapotokea) linalotazama nje, mkato uinamie upande usio na jicho. Ukiacha kisiki kirefu kitakauka, na ukavu utashuka hadi kwenye tawi zima. Mkasi butu huponda, basi unoe, na uupanguse kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine.

Chipukizi likichomoza chini ya mahali mche ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa na shina la mwaridi mwingine, usilikate. Fukua hadi linapoanzia, ulinyofoe. Likikatwa huacha macho, yakarudi mawili.

Kisha weka nusu debe la samadi iliyooza kwa kila mti, na matandazo ya sentimita 5 yasiyogusa shina. Maua huja baada ya wiki nane hivi. Kipupwe kikikaza, zaidi.

Usiku wa baridi na mchana mkavu huleta ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu mweupe kama unga juu ya majani. Huu hauhitaji jani lilowe, ndiyo maana huwashangaza watu wasioona hata tone la mvua. Salfa hufaa, ila isipigwe jua likiwa kali, itaunguza majani. Januari na Februari adui ni utitiri, vijidudu vidogo sana vinavyofyonza majani: rushia maji kwa nguvu chini ya majani, asubuhi, na umwagilie lita 10 kwa mti mara mbili kwa wiki.

Februari ikiisha, kata maua yaliyonyauka tu na upunguze vijitawi vya katikati upepo upite. Okota majani yaliyoanguka. Usiyatie kwenye mboji. Mankozebu, dawa ya kuvu, gramu 50 kwa lita 20 za maji, ipigwe kabla doa la kwanza halijaonekana, kwani hukinga, haiponyi. Urea iache kabisa hadi mvua zikatike.