Uzamili wa Ustawi wa Jamii Ukiwa Kigoma: Yanayosemwa na Yalivyo

"Ustawi wa jamii, maendeleo ya jamii, sosholojia, yote yale yale."

Ni fani jirani, lakini kila moja ina kazi yake. Msosholojia anaichunguza jamii. Afisa maendeleo ya jamii anashughulika zaidi na vikundi na miradi. Afisa ustawi anabeba shauri la mtu mwenye jina na anwani: mtoto aliyetelekezwa, mzee asiye na wa kumtunza, mama anayeogopa kurudi nyumbani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtwisha majukumu kabisa, likiwemo la kuipelekea mahakama ripoti ya uchunguzi wa kijamii.

Kuna vyuo vinavyompokea mwenye shahada ya sosholojia au fani inayokaribiana. Apokewe, lakini ajue ataanza nyuma kwenye tathmini ya shauri, mbinu za mahojiano na maadili ya taaluma, na ajisomee mapema. Kabla ya kulipa ada ya maombi, omba orodha ya masomo uisome yote. Ukiona hakuna mafunzo kwa vitendo, hiyo ni kozi ya nadharia hata kama jina lake linavutia.

"Bila GPA ya 3.5 usijisumbue."

Kwenye mizani ya 5, alama 3.5 ndipo linapoanza daraja la pili la juu. Vyuo vingi nchini hupokea daraja la pili la chini, yaani kuanzia 2.7. Aliye chini ya hapo aulizie stashahada ya uzamili, ambayo huwa daraja la kuvukia. Wapo pia Kigoma waliosoma Bujumbura au Kongo: hao transkripti yao ya Kifaransa itahitaji tafsiri rasmi, na shahada itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Anza hilo kabla dirisha la udahili halijafunguliwa. Ukisubiri lifunguliwe, litafungwa karatasi zikiwa bado njiani.

"Lazima uhamie Dar es Salaam."

Chuo Kikuu Huria kina kituo Kigoma, kama ilivyo kwa mikoa mingine, na uzamili wa ustawi wa jamii ni miongoni mwa kozi zake. Kinachowaangusha wanaosoma kwa masafa ni hesabu ya muda. Uzamili hapa nchini ni krediti 180 kwa uchache, na krediti moja ni saa 10 za kazi: mihadhara, kusoma, kuandika, yote ndani. Hizo ni saa 1,800. Ukitaka kumaliza kwa miezi 18, ni kama saa 23 kila wiki, na ukijipa miaka miwili ni kama 17. Mtu mwenye ajira na familia akae na mwenza wake, wazitafute hizo saa kwenye wiki yao halisi: usiku gani, Jumamosi ipi. Tusidanganyane kwamba zitajipata zenyewe.

"Fildi ni kugongewa mihuri tu."

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ndiyo roho ya taaluma hii. Marekani, baraza linalotoa ithibati kwa kozi za ustawi wa jamii linadai saa 900 za vitendo kwa uzamili. Kwa saa 16 kwa wiki, ni zaidi ya wiki 56. Hapa kwetu saa hutofautiana chuo kwa chuo, ila namna ya kuifaidi fildi ni ileile.

Chagua mahali penye mashauri na mtu wa kukusimamia: ofisi ya ustawi ya halmashauri, hospitali ya rufaa ya mkoa Maweni, makao ya watoto. Mkubaliane siku moja kila wiki ya kukaa na msimamizi, hata kwa saa moja tu. Mpelekee shauri uliloliandika: mteja alisema nini, wewe ulijibu nini, ulihisi nini, ungefanya nini tofauti. Mwanafunzi anayekabidhiwa rejista aijaze miezi mitatu huondoka na mwandiko mzuri, basi. Ukiona unaelekea huko, mwandikie mratibu wa fildi mapema. Usingoje wiki ya mwisho.

"Tasnifu ni miezi miwili ya mwisho."

Hapa ndipo wengi hukwama, tena wenye uwezo. Pendekezo la utafiti likishapitishwa, kazi ya vibali ndiyo inaanza. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anakuandikia kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji. Kila ofisi ina siku zake. Ukitaka kuingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, barua hizo hazitoshi: kambi ni eneo linaloingiwa kwa kibali cha serikali kinachoshughulikiwa na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Uliza masharti yake ungali unaandika pendekezo. Ukiona muda hauruhusu, badilisha eneo la utafiti sasa.

Halafu lugha. Dodoso limeandikwa Kiingereza, likatafsiriwa Kiswahili usiku mmoja, na bibi wa kijijini Kasulu analijibu kwa Kiha. Mpe mtu mmoja atafsiri, mwingine asiyeliona dodoso la awali alirudishe kwenye Kiingereza, kisha linganisha. Lijaribu kwa watu kama kumi wasio kwenye sampuli yako. Ukihoji mtoto, unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na pia mtoto mwenyewe akubali kwa maneno anayoyaelewa. Panga mapema utampeleka kwa nani akikueleza kuwa anaumizwa.

"Ukirudi na cheti, cheo kinakusubiri."

Kwa mtumishi wa umma, kupanda hutegemea muundo wa utumishi wa kada yako, utendaji, nafasi na bajeti. Shahada hukuongezea sifa tu. Omba ruhusa ya masomo kwa maandishi kupitia mkuu wako wa idara kabla ya kujisajili chuoni. Barua ya ruhusa itunze nakala tatu: moja jaladani, moja chuoni, moja nyumbani.