Papa: neno moja fupi, asili nyingi

Mtu wa pwani akilisikia neno papa, kwanza humfikiria samaki mkubwa wa baharini, yule ambaye nyama yake hukaushwa kwa chumvi na kuuzwa sokoni, na ambaye jamaa yake mkubwa kuliko wote, mwenye madoa meupe mgongoni, huitwa papa shilingi huko Kenya na potwe kisiwani Mafia. Mkatoliki hulikuta neno hilohilo katika habari za Papa wa Roma, ingawa kanisani husema zaidi Baba Mtakatifu. Huko Lubumbashi, ambako Kiswahili kimeishi kwa muda mrefu pamoja na Kifaransa, papa ni baba mzazi au mwanamume yeyote mzima anayestahili heshima. Maana zote tatu zinasikika ndani ya Kiswahili, lakini samaki hana udugu wowote na wale wengine wawili.

Papa wa Roma na papa wa Lubumbashi wana chimbuko moja, nalo ni kinywa cha mtoto mchanga. Mwanaisimu Roman Jakobson, katika makala yake ya mwaka 1960, alieleza kwamba mtoto anapoanza kutamka huanzia kwenye sauti zinazofanywa kwa kufumba midomo, kama vile p, b na m, zikifuatwa na irabu a, ambayo huhitaji kinywa kuachama tu. Mzazi husikia sauti hizo na kudhani kwamba ndiye anayeitwa. Ndiyo sababu lugha zisizojuana zina maneno yanayofanana kwa wazazi, na ndiyo sababu pia ufanano huo haupaswi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa undugu wa lugha. Hata mgawanyo wa sauti hizo baina ya wazazi si wa lazima: katika Kijojia, lugha ya nchi ya Georgia, neno mama lina maana ya baba, na mama mzazi huitwa deda.

Wagiriki walikuwa na pappas, neno la mtoto kumwita babaye, wakaligeuza kuwa jina la heshima kwa viongozi wa Kanisa. Kilatini kikalipokea kama papa, na kwa karne kadhaa maaskofu wengi waliitwa hivyo, mpaka upande wa magharibi lilipobaki kwa askofu wa Roma peke yake. Hati ya mwaka 1075 inayohusishwa na Papa Gregori VII ilitamka kwamba jina hilo ni la pekee duniani. Hata hivyo kiongozi wa Wakopti wa Misri, askofu wa Aleksandria, ameendelea kuitwa hivyo hadi leo, na kwa kuwa Kiarabu hakina sauti ya p, Wamisri humwita al-Baba.

Tukivuka Atlantiki, asili inabadilika kabisa. Katika Kikechua, lugha ya milima ya Andes, papa ni kiazi, zao ambalo watu wa huko walilikuza maelfu ya miaka kabla ya Wahispania kufika Peru katika karne ya 16. Wahispania walilichukua neno pamoja na zao lenyewe. Huko Hispania lilichanganyika na batata, neno la visiwa vya Karibi kwa kiazi kitamu, likawa patata, lakini Amerika ya Kusini ilibaki na papa. Kwa hiyo Mperu husema la papa kwa kiazi, el papa kwa mkuu wa Kanisa, na el papá, akitia mkazo mwishoni, kwa baba yake. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa mjini Lima mwaka 1971 na chenye ofisi Nairobi, kina neno hilo la Andes katika jina lake la Kihispania.

Wamaori wa New Zealand wana papa yao, yenye maana ya kitu bapa au msingi, na kutokana nayo humwita mama Dunia Papatūānuku, mke wa Ranginui, yaani Mbingu.

Mfano unaonipendeza kuliko yote ni wa Kijapani. Wataalamu wa historia ya lugha hiyo wanaonyesha kwamba p ya kale ilidhoofika hatua kwa hatua hadi ikawa h, na kwamba neno haha, linalomaanisha mama, hapo zamani lilitamkwa papa. Leo watoto wengi wa Japani wanasema papa tena, safari hii kwa neno la kukopa kutoka Ulaya, na anayeitikia ni baba.